Dar hadi Vancouver kwa ndege: nianze kungoja simu yake saa ngapi?

Swali: "Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa Ngamiani, Tanga. Binti yangu anaondoka mwisho wa Agosti kwenda kusoma Vancouver, Kanada, na anapitia Istanbul. Tiketi inasema anaondoka Dar Jumamosi 04:35, anafika Istanbul 11:55, anaondoka tena 15:40, anafika Vancouver Jumamosi hiyo hiyo 17:20. Nimehesabu nikapata saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Kaka yake kaangalia mtandaoni, kaambiwa umbali ni kilomita 15,030 na muda ni saa 19 na dakika 17. Mjomba wao anasema ndege inafika upesi kwa sababu dunia inazunguka chini yake. Na kwenye ramani ya simu njia inapanda mpaka Greenland kwenye barafu, wakati Kanada iko magharibi yetu. Nani mkweli hapo? Na mimi nianze kungoja simu yake saa ngapi?"

Jibu: Waalaykum salaam mama, na shikamoo.

Naanza na ulilomalizia, kwa kuwa nadhani ndilo linalokukosesha usingizi. Binti yako atatua Vancouver saa tisa na dakika ishirini usiku wa kuamkia Jumapili, kwa saa iliyo ukutani kwako Ngamiani. Toka ndege inaondoka Dar mpaka inagusa ardhi ya Vancouver ni saa 22 na dakika 45. Kati ya hizo, saa 19 kamili yumo ndani ya ndege, na saa 3 na dakika 45 yuko Istanbul anangoja ndege ya pili. Hesabu yako ya saa 12 na dakika 45 haikukosewa kujumlisha. Iliyokupoteza ni tiketi yenyewe, maana huandika kila saa kwa saa ya mji husika bila kusema kwamba saa za miji hiyo hazilingani.

Lakini kabla ya hayo yote, mama, iangalie tena ile 04:35. Hapo ndipo ninapowaona watu wetu wakiumia. Nimefanya kazi ya kupanga safari za ndege kwa miaka mingi, na sijamsahau kijana mmoja kutoka Lushoto aliyeingia uwanjani na begi jipya saa nne asubuhi, ametulia kabisa, mkononi ana tiketi iliyoandikwa 04:50. Yeye na wazazi wake walisoma "saa nne na dakika hamsini". Ndege yake ilikuwa imeondoka saa tano zilizopita. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alisoma namba ile kama sote tulivyofundishwa kusoma saa.

Saa ya tiketi huanza kuhesabu saa sita usiku, ya kwetu huanza na jua. Ukitaka kuigeuza, toa sita. Ikikataa kutoka, ongeza sita. Jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. Kwa hiyo 04:35 ni saa kumi na dakika thelathini na tano alfajiri. 11:55 ni saa sita kasoro dakika tano mchana. 15:40 ni saa tisa na dakika arobaini alasiri, na 17:20 ni saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Ziandikeni kwa kalamu juu ya tiketi, kwa maneno si kwa namba, tena mbele ya binti mwenyewe.

Na siku nayo ina mtego wake. Sisi watu wa pwani tumezoea usiku kuutangulia mchana: usiku wa Ijumaa, kwa wazee wetu, ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Kwa hesabu hiyo ndege ya binti yako ni ya usiku wa Jumamosi, yaani usiku unaoanza Ijumaa magharibi. Kijana aliyezoea hesabu ya shule akiambiwa "usiku wa Jumamosi" atadhani ni Jumamosi baada ya isha, na hapo ndege itakuwa imeshakwenda zamani. Semeni hivi: anapanda basi Ijumaa, anaingia uwanjani Ijumaa usiku, ndege inapaa usiku huohuo kabla ya alfajiri ya Jumamosi.

Sasa hesabu ya saa. Istanbul ni rahisi: Uturuki tangu 2016 inatumia saa moja mwaka mzima, na ni sawa kabisa na yetu. Saa ya mkononi haiguswi. Vancouver, mwezi wa Agosti, iko nyuma yetu kwa saa 10. Akitua kule saa kumi na moja na dakika 20 jioni ya Jumamosi, ongeza saa kumi, unapata saa tisa na dakika 20 usiku kwako. Ukianzia saa kumi na dakika 35 alfajiri ya Jumamosi mpaka hapo, utazipata zile saa 22 na dakika 45. Kanuni ninayompa kila anayeniuliza ni hii moja: leta saa zote kwenye saa ya Tanga kwanza, ndipo utoe. Usitoe saa ya mji mmoja kwenye saa ya mji mwingine.

Nije kwenye kilomita 15,030, namba ambayo kaka yake aliletewa na mtandao. Ni sahihi. Lakini ni umbali wa njia ambayo hakuna ndege ya abiria inayoipita: mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja wa Julius Nyerere mpaka uwanja wa Vancouver. Mabaharia na marubani huuita duara kuu, kwa sababu ukiuendeleza mstari huo mpaka urudi ulipoanzia, unaikata dunia nusu kwa nusu. Huenda aliona na namba nyingine mbili pembeni, 9,339 na 8,116. Hizo ni umbali uleule kwa maili za nchi kavu na kwa maili za baharini. Maili ya baharini ni mita 1,852, na haikuokotwa tu: ni sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja ukienda kaskazini au kusini. Nyuzi moja basi ni maili 60 za baharini, karibu kilomita 111. Ukijua hilo unaweza kupima umbali kwa ramani ya darasani. Uwanja wa ndege wa Tanga uko kwenye nyuzi 5.1 kusini, wa Dar kwenye 6.9, na miji hii miwili imekaa karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Tofauti ni nyuzi 1.8. Zidisha kwa 111, unapata kilomita 200.

Basi nimeukokotoa mstari huo wa Vancouver kipande kwa kipande, kwa kuwa nilijua utauliza unapita wapi, na nina habari itakayokufurahisha. Ukitoka Dar hauelekei magharibi kabisa. Unaelekea kaskazini, umeinama kidogo tu upande wa magharibi, na unapita juu ya mkoa wako! Unakata kati ya Muheza na Korogwe, karibu na Amani, juu ya misitu ya Usambara ya Mashariki. Kisha unapita jirani na Mlima Kenya, unaifuata Sudan mpaka maeneo ya Khartoum, unaingia Misri, unavuka bahari, unapita karibu na Athens, unapanda Ulaya mpaka pwani ya Norwei, unakatiza Greenland, na ndipo unateremka Kanada kutokea kaskazini. Sehemu ya juu kabisa inafika karibu nyuzi 74 kaskazini. Ramani ya simu haikukosea.

Kwa nini mstari ulionyooka unapinda hivyo? Haupindi. Kinachopinda ni karatasi. Tafuta chungwa la Muheza, kubwa na la mviringo mzuri, na uzi wa kushonea. Weka alama ya kalamu chini kidogo ya kiuno cha chungwa: hiyo ndiyo Dar. Weka ya pili karibu upande wa pili wa chungwa, juu ya kiuno, kama katikati ya kiuno na kikonyo: hiyo ndiyo Vancouver. Vuta uzi ukaze kati ya alama hizo mbili. Utauona wenyewe unapanda kuelekea kikonyo. Jaribu kuulazimisha uzunguke kiunoni, utakuta unahitaji uzi mrefu zaidi.

Ukilimenya chungwa hilo sababu inaonekana vizuri zaidi. Vipande vyake ni vinene katikati na vyembamba kwenye kikonyo. Dunia ni hivyohivyo. Kati ya Dar na Vancouver kuna nyuzi 162 za kwenda magharibi. Hapa Tanga nyuzi moja ya kwenda magharibi ni kilomita 111 nzima. Kule juu ya Greenland, kwenye nyuzi 74, nyuzi hiyohiyo ni kilomita 31 tu. Ndege inapanda kaskazini kwenda kuzivukia nyuzi hizo mahali zilipokaribiana, kama mtu avukaye mto pale ulipo mwembamba.

Ramani ya ukutani inayafuta haya yote. Ile tuliyoizoea inatokana na mchoro wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569. Aliuchora kwa ajili ya manahodha, ili mstari wa dira uonekane umenyooka, na kwa kazi hiyo ni mchoro wa thamani kubwa. Lakini ili kuupata ilibidi anyooshe maeneo ya kaskazini kama mpira. Ndiyo maana Greenland inaonekana kulingana na Afrika, wakati Afrika inaizidi mara 14 hivi. Ukiweka rula juu ya ramani hiyo kutoka Dar hadi Vancouver, rula itapita Kongo, Kameruni, Nijeria mpaka Senegali, ivuke Atlantiki, iingie Marekani kwa pwani ya mashariki. Inaonekana ndiyo njia ya mkato. Nimeipima: ni kilomita 17,100 hivi, zaidi ya 2,000 juu ya ile ya Greenland.

Hapa pana jambo ambalo mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa. Basi linalotoka Kange kwenda Dar halielekei Dar. Linapita Pongwe na Muheza likielekea magharibi mpaka Segera, ndipo ligeuke kusini. Ndege zikiruka kati ya Tanga na Dar moja kwa moja, juu ya mkondo kati ya Unguja na Bagamoyo, ni zile kilomita 200. Kwa basi ni 350 hivi. Kila safari ina Segera yake, na ya binti yako ni Istanbul. Kwa bahati hiyo Segera haiko mbali na njia. Dar hadi Istanbul ni kama kilomita 5,460, Istanbul hadi Vancouver ni kama 9,590. Jumla 15,050. Amezunguka kilomita 20 hivi tu! Wanaopitia Amsterdam nao hawazidishi sana, hawafiki hata 50. Anayepitia Dubai ndiye anayeongeza karibu kilomita 700, kwa kuwa anaanza kwa kwenda mashariki. Sisemi Dubai ni njia mbaya, wengi huipenda kwa bei yake. Nasema tu kwamba ukiulizwa njia ipi imenyooka, sasa unajua.

Zile saa 19 na dakika 17 za mtandaoni zilitoka wapi? Tovuti nyingi za aina hiyo hazina ratiba wala hazijui kama kuna ndege. Zinachukua umbali, zinagawanya kwa kilomita 800 kwa saa, zinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Gawa 15,030 kwa 800 unapata saa 18 na dakika 47. Ongeza dakika 30. Ni hiyohiyo 19:17. Imekaribia ukweli kwa kuwa 800 ni wastani wa busara. Ila tovuti ileile ingekupa muda huo hata kama njia ile inahitaji ndege tatu na kulala uwanjani mara mbili. Kwa hiyo itumie kupata picha, usiitumie kupanga nani ampokee mtoto.

Katika ndege ya kwanza binti yako atakwenda kilomita 5,460 kwa saa 7 na dakika 20, wastani wa 745 kwa saa. Katika ya pili ni 9,590 kwa saa 11 na dakika 40, wastani wa 820. Ndege zote mbili zikishatulia juu hukimbia kama 900. Tofauti inatoka ardhini. Muda wa tiketi unaanza ndege inaposukumwa kutoka kwenye jengo, si inapopaa. Kuna kujongea mpaka kichwa cha barabara ya kurukia, kungoja zamu, kupanda taratibu, kisha kushuka na kupanga foleni ya kutua. Dakika hizo ni karibu sawa kwa safari fupi na ndefu, kwa hiyo safari fupi ndiyo inayoonekana ya polepole. Na kwenye kipande hiki cha kwanza kuna la ziada lenye huzuni: tangu vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, ndege nyingi za abiria zimekuwa zikiizunguka anga ya nchi hiyo. Mstari mfupi unapita hukohuko, na kuuacha kunaongeza njia.

Kuna pia upepo. Wazee wa Tanga waliokwenda na majahazi hawakuuliza ni maili ngapi mpaka Mombasa au Lamu. Waliuliza ni kusi au kaskazi. Angani nako ni hivyo. Kilomita 9 mpaka 12 juu, kwenye maeneo ya Ulaya, Atlantiki na Kanada, kuna mito ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingi inapita kilomita 150 kwa saa, hasa wakati wao wa baridi. Ndege inayokwenda magharibi inapambana nao, inayorudi inasukumwa. London hadi New York ni saa nane hivi kwenda, saa saba hivi kurudi, na umbali ni uleule. Kila siku watu wa kazi yangu husoma upepo kwanza ndipo wachore njia, na mara nyingi njia ndefu kidogo yenye upepo mwanana huwa fupi kwa saa kuliko iliyonyooka. Kwa sababu hiyo usishangae siku ya safari ukiiona ndege yake kwenye simu imepita kusini au kaskazini ya ulipoitegemea. Siku binti atakaporudi likizo, tiketi itaonyesha muda mfupi zaidi angani, na ni upepo.

Mjomba nimemwacha nyuma, lakini hoja yake inastahili jibu kamili, maana watu wengi wenye akili nzuri huianza hivyohivyo. Kweli dunia inazunguka. Hapa Tanga ardhi inatubeba kwenda mashariki kilomita 1,660 kila saa. Kama hewa ingebaki imesimama, rubani angepaa Tanga, akae palepale juu saa moja, ashuke akute chini yake Kongo, si mbali na Mbuji-Mayi. Na ndege ya Dar kwenda Mumbai isingefika kamwe, kwa kuwa 900 haiwezi kuifukuza 1,660. Hewa haibaki nyuma. Inazunguka pamoja na ardhi, na ndege inaelea ndani ya hewa hiyo. Akiwa kwenye basi la Muheza lililo mwendoni, mjomba arushe embe juu: litamrudia mkononi, halitamwangukia abiria wa kiti cha nyuma. Basi limelibeba embe hata lilipokuwa hewani.

Ila mzunguko wa dunia ndio unaofanya tiketi iseme Jumamosi na Jumamosi. Binti yako atakuwa anakwenda upande uleule ambao jua linakwenda. Tena kule juu, kwenye nyuzi 75 kaskazini, mduara wa dunia ni mdogo na ardhi inazunguka kwa kilomita 430 tu kwa saa. Ndege inalishinda jua. Akipaa Istanbul alasiri atakaa angani karibu saa kumi na mbili, na atatua bado ni jioni. Jua halitazama njia nzima. Mwambie hilo mapema, kwa sababu wengi hungoja giza ili walale, giza haliji, wanafika wamechoka sana. Afunge kitambaa machoni alale kwa saa ya mwili wake, yaani ya Tanga. Kama anaswali, ajue magharibi haitamwingilia angani. Ataikuta Vancouver, ambako mwishoni mwa Agosti jua huzama mnamo saa mbili usiku. Namna ya kuziswali adhuhuri na alasiri safarini amuulize sheikh wake kabla hajaondoka.

Hilo la jua kuzama saa mbili nalo atalistaajabia. Saa yetu ya Kiswahili inatufaa kwa kuwa tuko karibu na ikweta, na hapa mwaka mzima kuchwa kwa jua hakupishani zaidi ya nusu saa hivi. Kule mchana wa kiangazi na wa Desemba hupishana kwa saa nyingi, na "saa kumi na mbili jioni" inaweza kuwa mchana mweupe au usiku mnene.

Hukuuliza, lakini nadhani utajiuliza: kwa nini hakuna ndege ya moja kwa moja? Kilomita 15,030 ziko karibu na mwisho wa uwezo wa ndege za leo. Safari ndefu kuliko zote za abiria bila kutua ni ya Singapore hadi New York, kilomita 15,300 na ushei, zaidi ya saa 18. Inafanywa na Airbus A350 iliyotengenezwa maalumu, inayobeba mpaka lita 165,000 za mafuta, na ndani ina viti 161 tu. Mafuta ni mzigo. Ili kufika mbali unabeba mafuta ya kuyabeba mafuta mengine, na watu wanapungua. Miji miwili ile ina abiria wa kutosha wanaolipa ghali ili wasiteremke njiani. Dar na Vancouver haina. Kwa hiyo abiria wa Dar, Nairobi, Kampala na kwingineko wanakusanywa Istanbul au Amsterdam kama mabasi ya Lushoto na Tanga yanavyokutana Segera.

Sasa safari ya kweli ya mtoto wako, maana haianzii Dar. Apande basi la Ijumaa asubuhi pale Kange. Likiondoka saa mbili, litakuwa kituo cha Magufuli, Mbezi, mnamo saa nane mchana. Weka saa sita za njiani, na uweke nyingine mbili za foleni za Dar mpaka afike kwa ndugu. Apumzike, ale, aoge. Saa saba na nusu usiku awe ndani ya jengo la tatu la abiria, saa tatu kabla ya kupaa. Ndege ndogo za propela kutoka Tanga zipo na zinaokoa mchana mzima, lakini kwa mwanafunzi mwenye masanduku mawili mimi ningechagua basi, kwa kuwa ndege ndogo hubana sana uzito wa mizigo. Na asipande basi la Ijumaa mchana kwa kusema ndege ni ya alfajiri. Gari likiharibika Mkata au pale Wami, anahitaji nafasi ya kupanda jingine. Ukihesabu toka Kange saa mbili asubuhi Ijumaa mpaka kutua, ni saa 43 na dakika 20. Hiyo ndiyo namba ya kumfungia chakula na ya kumuombea dua, si 19.

Akifika Istanbul atakuwa na saa 3 na dakika 45. Zinatosha bila kukimbia, mradi asitoke nje ya uwanja. Begi kubwa, likiandikiwa Vancouver pale Dar, litahamishwa bila yeye kuligusa. Aisome karatasi ya begi mbele ya mhudumu kabla hajaondoka dirishani. Uwanja ule ni mkubwa sana, kwa hiyo atafute mlango wa ndege yake kwanza, ndipo akae. Akutumie ujumbe akiwa hapo: itakuwa mchana kwako, saa ileile na yake.

Kisha atanyamaza kwa saa 12. Usiihesabu kimya hiyo kuwa ni tatizo. Atatua saa tisa na dakika 20 usiku wako, na baada ya hapo kuna foleni ya uhamiaji, kuna dirisha ambalo mwanafunzi mgeni huandikiwa kibali cha masomo, kuna mizigo, kuna kutafuta mtandao wa simu. Weka saa moja na nusu mpaka mbili. Kwa hiyo Jumamosi lala baada ya isha kama kawaida. Simu ianze kuwa karibu nawe kuanzia saa kumi na moja, kwenye adhana ya alfajiri ya Jumapili. Kwake itakuwa Jumamosi saa moja ya jioni, na jua bado halijazama.